Wanawake wa Sauti ya Pili

Miezi ile ya kwanza baada ya kumzaa binti yangu naikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia chandarua. Tulikuwa tumepanga nyumba Kisian, juu kidogo ya barabara ya Busia, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa mpaka linapokutana na mbingu. Asubuhi nyingi huwezi kujua linapoishia. Mitumbwi ilionekana kama imetundikwa hewani, haiendi wala hairudi, nami nilikaa pale na mtoto kifuani, nusu macho, nusu usingizini, nikiyasikia malori yakipita huko chini. Baba wa mtoto alifanya kazi Busia na alirudi mwisho wa juma. Siku nyingine sikuzungumza na mtu mzima hadi jua linatua.

Kabla ya hapo nilikuwa mpiga gitaa la besi. Kwa miaka sita nilipiga na bendi moja ya Kisumu, wanaume saba na mimi, kwenye hoteli za ufukweni, harusini na matangani. Watu walisogea mbele kuhakikisha kama kweli ni mwanamke anayezivuta zile nyuzi nene, kisha wakarudi kucheza. Sikuona kama ni jambo kubwa. Besi haina makeke. Inamtaka mtu anayejua kusubiri.

Kiongozi wa bendi alikuja kututembelea mtoto akiwa na wiki tatu. Alileta sukari na sabuni, akampakata mtoto vizuri, kama baba aliyelea wake. Alipokuwa anaondoka alisimama kidogo mlangoni akilitazama ziwa.

"Tumepata kijana wa kushika besi," alisema. "Wewe pumzika tu, mama. Utarudi ukimaliza kulea."

Aliyasema kwa upole kabisa, nami nikamshukuru na kumsindikiza hadi barabarani. Ni siku kadhaa baadaye, nikianika nepi, ndipo nilipojiuliza kulea kunaisha lini. Mama yangu mwenyewe alikuwa bado hajamaliza kunilea mimi.

Gitaa likakaa nyuma ya kabati. Mvua za masika zikaja, zikapita. Alasiri moja, joto likiwa limewanyamazisha hata kuku, mtoto alilala na mimi nikajikuta nimelitoa. Spika sikuwa nayo. Nilikiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, nikaanza kupiga polepole, na mbao zikaitikia. Kabati lote liliimba, na vikombe ndani yake vikawa vinatetemeka kidogo. Binti yangu hakushtuka. Alivuta pumzi ndefu akazidi kuzama usingizini. Nadhani sauti ile aliijua tangu tumboni.

Ndivyo nilivyofanya kila alasiri kwa muda, nikirudia mwendo uleule mpaka sikujua tena kama napiga au naota.

Siku moja nikasikia mtu anaimba.

Hakukuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba na imara, ikitembea juu ya besi yangu hatua moja nyuma, kama mtu anayekufuata njiani bila kutaka kukupita. Sikuacha kupiga. Niligeuza kichwa tu. Mlangoni alisimama mama aliyekuwa akitupitia mara mbili kwa wiki kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Beseni lilikuwa bado kichwani, mkono mmoja umelishika, macho ameyafumba. Alikuwa wa umri wa mama yangu, labda zaidi.

Na sauti ile niliijua. Nilipokuwa mdogo, Jumapili baada ya chakula, baba aliweka redio dirishani, na kulikuwa na wimbo mmoja uliorudi tena na tena. Mwanaume aliimba kwamba anaondoka, anavuka ng'ambo, na nyuma yake mwanamke alimjibu. Mimi nililala kwenye mkeka nikimsikiliza yule mwanamke. Katika akili yangu ya utoto niliamini sauti hiyo inatoka ziwani, kwamba wameiteka kama watu wanavyoteka maji. Haikunijia hata mara moja kwamba ni ya mtu.

Nilipofika mwisho nilimsaidia kutua beseni, nikampa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, ulikuwa mwimbaji?"

"Zamani."

Nikamwimbia kipande cha ule wimbo wa redio, vibaya, kwa maana mimi sauti sina. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ile ni mimi," alisema.

Alinieleza bila haraka, akipepea nzi kwenye omena wake. Alikuwa msichana. Kaka yake alimfahamu mwanamuziki aliyetafuta mtu wa sauti ya pili, akampeleka studio. Wakamwambia asimame hatua mbili nyuma ya wanaume ili sauti yake isiwafunike. Waliimba mara tatu, wakanywa soda, akarudi nyumbani kupalilia mtama. Akaolewa.

"Sikuisikia mpaka siku moja niko soko la Kibuye na mtoto mgongoni. Ikatoka kwa duka ya redio. Nikamwambia mwenzangu, huyo ni mimi. Akacheka sana." Alitabasamu kidogo. "Sijaambia mtu tena. Ni wewe tu umeniuliza."

"Na jina lako hawakuliandika?"

"Ya nini, nyathina? Mimi nilikuwa nyuma."

Kwa Kijaluo, nyathina maana yake ni "mtoto wangu". Aliniita hivyo tangu siku ile.

Alianza kuja mapema, akiwa ameuza nusu ya beseni, na tulikaa saa nzima kabla hajashuka tena barabarani. Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu msichana wa mtaa wa Manyatta aliyepiga ngoma kanisani kwao, ambaye mikono yake, alisema, haiogopi mtu. Jumamosi moja akaja naye. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi, mwembamba, mkimya, mume wake akiendesha bodaboda. Hakuwa na ngoma, kwa hiyo alipiga ndoo, akapiga kabati, akapiga goti lake, na nyumba yangu ikawa na moyo.

Wa nne alitoka Maseno. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha huko, akisomea hesabu za biashara kumridhisha baba yake huku akitunga nyimbo kwenye daftari za masomo. Alisikia habari zetu kutoka kwa mpiga ngoma. Alikuja na kompyuta yake na maikrofoni moja nzuri aliyoifunga kwenye sweta. Nilimuuliza kwa nini asirekodi mjini, ambako studio ni nyingi.

"Nilienda moja," alisema. Alikuwa anaikunjua ile sweta taratibu. "Sitaki tena kuimba kwa chumba chenye mtu mwingine ndiye anafunga mlango."

Mama wa omena aliinuka, akaufungua mlango wangu mpaka ukagonga ukuta, akauwekea jiwe. Tangu hapo hatukuufunga tukiwa na mazoezi, hata mvua ikinyesha.

Jumamosi zile zimechanganyikana kichwani mwangu, siwezi tena kuzitenga. Naona birika la chai ya maziwa kwenye jiko la makaa. Naona watoto wamelala mkekani kama samaki waliopangwa, miguu ya huyu kwenye mgongo wa yule. Wanawake wengine walikuja, mwalimu wa chekechea aliyepiga kinanda, msusi wa Manyatta mwenye sauti nzito kama ya mwanaume, dada mmoja Mwislamu wa mjini aliyetuandikia mashairi ya nyimbo na hakutaka kuyaimba mwenyewe. Wengine walikaa, wengine walionekana mara moja tu. Mvua ilitoka upande wa ng'ambo ikitembea juu ya maji, unaiona nusu saa kabla haijafika, na magugu maji yalihamishwa na upepo usiku kucha hivi kwamba asubuhi ziwa lilikuwa la kijani mahali lilipokuwa jeupe jana. Tulipiga tukitazama nje. Kuna siku hakuna aliyesema neno kati ya wimbo na wimbo. Mama wa omena alifundisha sauti ya pili, na somo lake lilikuwa moja: msikilize wa kwanza mpaka ujue anapotaka kwenda kabla yeye hajajua.

Mimi ndiye niliyeanza kukiita kile kitu "chetu". Nilisema "chetu" kwa majirani, kwa mume wangu, kwa watu wa mjini. Nilikuwa na fahari nayo. Pengine fahari ndiyo iliyonipofusha.

Mpiga ngoma alijifungua mwaka uliofuata. Alirudi kwetu mtoto akiwa na miezi sita, mgongoni, na akapiga akiwa amesimama ili mtoto asibanwe. Wakati huo tulikuwa tunajiandaa kurekodi. Mhadhiri mmoja wa Maseno, mwanamke, alikuwa ametuazima darasa tulivu kwa Jumamosi moja tu, tangu asubuhi hadi saa kumi. Mwanafunzi wetu alining'iniza mablanketi ukutani ili sauti isiruke. Nyimbo zilikuwa tano.

Mtoto hakutaka. Labda lilikuwa joto la mablanketi, labda meno. Wimbo wa kwanza alilia katikati. Tukarudia, akalia mwishoni. Tukampumzisha, akanyonya, tukaanza tena, na tulipofika kwenye ubeti ambao mama wa omena aliuimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, mtoto alipiga yowe. Mwanafunzi alisimamisha mashine. Saa ilikuwa imefika saba na hatukuwa na hata wimbo mmoja.

Nilimgeukia mpiga ngoma. Nilijitahidi kusema kwa upole.

"Labda upumzike kidogo, mdogo wangu. Huyu dada wa kinanda anaweza kushika ngoma leo. Wewe utarudi ukimaliza kulea."

Alimfunga mtoto vizuri, akavikusanya vijiti vyake, akainama kuokota kofia ya mtoto, akatoka. Nikasikia viatu vyake kwenye korido, kisha sikuvisikia.

"Haya," nikasema. "Tuanze."

Mama wa omena alikuwa amekaa chini.

"Umemwambia nini huyo mtoto?"

"Nimemwambia apumzike."

"Hapana. Baada ya hapo."

Nikarudia maneno yangu, na nilipoyarudia nikayasikia. Nilimwona mtu amesimama mlangoni pangu akilitazama ziwa, mikono mifukoni, na sukari yake mezani. Nilikuwa nimewasimulia hadithi hiyo wote, mara nyingi, nikiwachekesha.

"Mimi leo siimbi," mama alisema. Hakuwa na hasira. Alijifunga leso yake, akatazama dirishani, na hilo likawa limekwisha. Tukayashusha mablanketi.

Tuliteremka kutoka Maseno, gari la kukodi limejaa vyombo, bila hata wimbo mmoja. Mahali fulani kwenye mteremko ziwa likatokea ghafla upande wa kulia, pana, limetulia, na nikatamani kuwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Jumatatu asubuhi nilimwacha binti yangu kwa jirani nikaenda Manyatta. Sikuwahi kufika kwake. Nilijua kanisa tu. Niliuliza kwa wanawake waliokuwa wakikaanga mandazi, wakaniuliza, "Yule wa ngoma?" Wakanielekeza kupita mitaro na nyua za mabati, na kamba za nguo zilizojaa hivi kwamba ilibidi nitembee nimeinama, mashuka yakinipapasa usoni. Nilimkuta akifua. Mtoto alikuwa ndani ya karai tupu kando yake, akicheza na kijiko.

Alinipa kigoda kwa sababu alilelewa vizuri. Akaendelea kufua.

"Sijaja kukuita urudi," nilisema. "Nimekuja kukuambia kwamba nilikosea."

"Ulikosea," alisema.

Alilikamua shati la mumewe, akalikamua tena ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Kanisani waliniambia hivyohivyo," alisema. "Mchungaji, na mama mkwe, na wale wa kwaya. Kila mtu alisema pole pole, vizuri vizuri. Mimi nikasema sawa, iko mahali moja hawaongeangi hivyo." Alilitupa shati kwenye karai la kusuuzia. "Nilikuwa nangojea Jumamosi kama mtu anangoja mvua."

Nilivua saa yangu, nikavuta karai la kusuuzia, nikaanza kusuuza nguo alizokuwa amezifua. Hakunizuia. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu, yeye akifua, mimi nikisuuza, mabati yakilia kwa joto juu yetu, na redio ya mtu ikiimba kwa mbali. Mtoto alipoanza kulalamika alinyoosha mikono kwangu, si kwa mama yake. Nilimtazama kwanza mama yake.

"Mshike tu," alisema. "Mikono yangu iko na sabuni."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Mazoezi bila yeye yalikuwa kama kutembea na kiatu kimoja, lakini nilikataa mtu mwingine ashike ngoma. Jumamosi ya tatu tulikuwa tumeshaanza tulipomwona akipanda njia kutoka barabarani, mtoto mgongoni, vijiti mkononi. Alisimama mlangoni, akatutazama wote mmoja mmoja.

"Leo nani anashika?" aliuliza.

Mama wa omena alinyoosha mikono. Toka siku hiyo ikawa kawaida yetu: yeyote asiye na zamu ya kupiga, anamshika mtoto. Tukirekodi tukasikia mtoto, tunarudia. Tukichoka kurudia, tunamwacha mtoto awemo. Kwenye rekodi ya kwanza tuliyoimaliza, nyumbani kwangu, kuna mahali kikombe kinaanguka na mahali mtu anapiga chafya, na mwanafunzi wetu alisema hataziondoa sauti hizo hata akilazimishwa.

Mara yetu ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye bustani ya hoteli moja ya Kisumu iliyo karibu na maji. Watu walikuwa wanakula samaki, watoto wanakimbizana kwenye nyasi. Tuliweka vyombo vyetu kwenye jukwaa la chini la mbao. Nilikuwa nimemwekea mama wa omena maikrofoni katikati, mbele. Alivaa gauni la zambarau na kilemba, na nilipomwona nikamwona yule msichana wa redio.

Hakwenda kwenye maikrofoni. Alisimama nyuma, hatua mbili, kando kidogo ya spika.

"Mama, njoo mbele," nilimwambia.

Alitikisa kichwa.

"Ni mahali pako, mama."

"Nyathina, miguu yangu inajua hapa. Huko mbele sitasikia mtu."

Watu walikuwa wanasubiri. Ni mpiga ngoma aliyesuluhisha jambo. Aliinuka, akaishika ngoma kubwa, akaivuta nyuma hadi ikawa sambamba na mama. Kisha viti. Mwanafunzi akachukua maikrofoni iliyokuwa mbele akaileta. Mimi nikarudi na gitaa langu, waya ukiburuta. Kinanda kikarudi, na msusi akarudi akicheka. Tukajikuta wote kwenye mstari mmoja pale nyuma, bega kwa bega, na mbele yetu mbao tupu na nyasi na ziwa.

Mama alifumba macho. Nilianza besi, ngoma ikaingia, naye akasubiri zaidi ya nilivyotarajia, mpaka nikaogopa. Halafu akaimba. Upepo ulikuwa unatoka majini na ulichukua sauti yake ukairudisha juu ya paa la hoteli, kwa hiyo ilionekana kufika kutoka pande mbili. Mzee mmoja aliyekuwa mezani aliuweka uma wake chini na kugeuka kabisa kwenye kiti. Sijui kama aliitambua. Ningependa kuamini hivyo.

Tulipomaliza, mwanafunzi alitutambulisha. Alianza na mama. Alitaja jina lake lote, na la baba yake, na la kijiji alikozaliwa, polepole, kama mtu anayeandika kwa wino. Mama mwenyewe aliniomba nisiliandike hapa. Alisema kulisikia mara moja kulimtosha.

Sasa tuna vyumba viwili Kisian, kimoja kina spika, na wanawake wanakuja hadi kutoka Ahero na Bondo. Wanagombana, wanapatana. Wawili wameacha muziki na mmoja ameolewa mbali, na siwezi kusema kwamba tumewaokoa wote. Mwanafunzi alimaliza chuo akamwambia baba yake ukweli, na walikaa mwaka mzima bila kuzungumza. Mama bado anauza omena, akitaka. Binti yangu anasoma darasa la pili.

Juzi nilikuwa na homa. Jumamosi ilipofika sikuweza kuinuka, nikalala kwenye chumba cha ndani, pazia likipumua dirishani. Niliwasikia wakija, wakiuliza habari zangu kwa sauti za chini, wakimimina chai. Nikadhani watarudi nyumbani. Badala yake nikasikia besi. Ni msichana mmoja niliyeanza kumfundisha mwaka huu, vidole vyake bado laini. Alichelewa mahali pamoja, mpito wa kwenda ubeti wa pili, na mwili wangu wote ukataka kuinuka ukamwonyeshe. Sikuinuka. Ngoma ilimngoja, sauti za pili zikamzunguka, na alipouzunguka wimbo mara ya pili hakuchelewa tena. Nikavuta shuka mpaka shingoni. Walikuwa bado wanapiga nilipolala.